Kitambaa cha Mgongoni

Mfarishi wa viraka una tabaka tatu. Juu viraka, katikati pamba, chini bitana. Kisha sindano hupita zote tatu ili pamba isikimbilie pembeni. Unaosifiwa ni uso. Makumbusho huutundika uwatazame wageni, mgongo ukielekea ukutani, na vitabu vya picha hufanya vivyo hivyo. Nadhani wanakosea. Anayetaka kuijua historia ya mifarishi ya Marekani aigeuze kwanza. Mara nyingi atakuta kitambaa cha pamba kisicho na rangi wala ua, chenye vidoadoa vya maganda ya mbegu. Wenyewe hukiita maslini. Wazee wa pwani yetu walikijua kitambaa cha ukoo huohuo, wakakiita merikani.

Maslini ya kwanza kusifika duniani haikufanana nacho hata kidogo. Ilikuwa melimeli ya Dhaka, iliyofumwa kwa uzi mwembamba ajabu wa pamba iliyoota kandokando ya mto Meghna. Wafalme wa Mughal waliivaa, na mabibi wa Ulaya wakaifuata. Viwanda vya Uingereza viliiga nguo za Bengali kwa bei ndogo, na katika karne ya 19 biashara ya wafumaji wa Dhaka ikaanguka. Jina lilivuka bahari hadi Marekani, na huko likashuka cheo: likawa la kitambaa chochote cha pamba kilichofumwa kwa mfumo wa kawaida.

Aliyekifanya kiwe rahisi ni Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara wa Boston. Uingereza ilikataza mitambo yake ya nguo na michoro yake kutoka nchini, kwa hiyo Lowell alizunguka viwandani, akatazama, akaweka aliyoyaona kichwani. Mwaka 1814, mjini Waltham, kampuni yake ilianza kuchukua pamba ghafi na kuitoa ikiwa nguo ndani ya jengo moja. Bidhaa ya mwanzo ilikuwa kitambaa kizito, kisichopaushwa, cha upana wa yadi moja na kidogo. Mwaka 1816 yadi iliuzwa senti 30. Mwaka 1843 ilikuwa senti 6 na nusu.

Bei hiyo ndiyo iliyobadilisha kazi ya sindano. Mwanamke wa shambani sasa aliweza kununua bitana ya mfarishi mzima bila kuuza ng'ombe. Katika miaka ya 1840 ikazuka desturi ya kushona miraba yenye kipande cheupe katikati, na kila jirani au ndugu akatia jina lake hapo kwa wino. Familia nyingi zilikuwa zikihamia magharibi, na aliyeondoka alijua huenda asirudi. Mifarishi hiyo iliyosalia ni sawa na daftari la kijiji.

Lakini pamba ile ililimwa na nani? Mashine ya Eli Whitney ya kuchambua pamba, iliyopewa hataza mwaka 1794, iliifanya pamba ya bara ya Kusini iwe na faida kubwa, na watumwa wakaongezwa mashambani. Walikuwa kama 700,000 nchini Marekani mwaka 1790. Kufikia 1860 walikaribia milioni 4. Vidoadoa vile vya mgongoni vimepita mikononi mwao.

Upande wetu wa habari unaanzia bandari ya Salem, Massachusetts. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akafika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza. Meli zilichukua pembe, sandarusi, ngozi na karafuu, zikashusha majora ya nguo. Merikani ikapanda misafara ya bara hadi Tabora na Ujiji, ikihesabiwa kwa shuka na doti, ikilipa wapagazi, chakula na hongo za watemi. Ilikuwa nguo na ilikuwa fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipoziba pamba ya Kusini, viwanda vya Massachusetts vilikauka, na wafanyabiashara wa Unguja wakageukia nguo za Uingereza na India.

Vita hivyo ndivyo vilivyomweka huru Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837. Mwaka 1886 alionyesha katika maonyesho ya pamba mjini Athens mfarishi wenye visa vya Biblia, watu na wanyama wakiwa wamekatwa katika vitambaa na kushonewa juu yake. Mwalimu wa sanaa, Jennie Smith, alitaka kuununua papo hapo, Powers akakataa. Miaka ikapita, hali ikawa ngumu, akauachia kwa dola 5. Leo uko katika makumbusho ya Smithsonian, na mwenzake uko katika makumbusho ya sanaa ya Boston. Kwangu mimi hakuna kazi nyingine ya pamba ya karne ile inayoufikia.

Miaka hiyohiyo mabibi wa mjini walishikwa na wazimu wa viraka vya hariri na mahameli vilivyokatwa ovyo ovyo. Viraka vya namna hiyo havisimami vyenyewe. Vilipigwa bandi juu ya maslini, kisha vikatariziwa, na hariri inapochakaa na kupasuka, kitambaa cha senti chache huchungulia kikiwa bado kizima.

Baadaye hata dukani hakukuwa na haja ya kwenda. Unga, sukari na chakula cha kuku viliuzwa katika magunia ya pamba, na wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 akina mama waliyafumua, wakayaloweka kwa sabuni ili maandishi yatoke. Hayakutoka yote. Bado kuna mifarishi ambayo mgongo wake unatangaza unga. Wenye viwanda walishtuka wakaona soko, wakaanza kuchapa maua kwenye magunia. Wanawake Weusi wa Gee's Bend, Alabama, nao walitumia magunia pamoja na nguo kuukuu za kazi, na mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa katika makumbusho ya sanaa ya Whitney, New York.

Gunia la karatasi lililiondoa la pamba baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na washonaji wakarudi kununua maslini kwa yadi. Wenye hadhari huifua kwanza, maana ikiwa mbichi hunywea. Siku hizi hufumwa hadi upana wa inchi 108, hivyo bitana ya kitanda kikubwa hutoka kipande kimoja. Ya zamani iliungwa kwa vipande vya yadi, na mstari huo wa maungo ni kati ya vitu vya kwanza ambavyo wakaguzi wa mifarishi huvitafuta wanapokisia umri wake.