Sezariene: tuulize sababu, na tuulize mapema

Mama anarudi Lukafu, chini ya milima ya Kundelungu, akitoka hospitali ya mjini. Ana mtoto mgongoni, kidonda tumboni na deni mkononi. Majirani wanamuuliza: "Walikupasua juu ya nini?" Anajibu: "Daktari alisema mtoto hawezi kupita." Zaidi ya hapo hajui, wala karatasi yake haisemi.

Ndipo maneno yanaanza. Mmoja anasema madaktari wanatafuta pesa. Mwingine anasema imani ya mama ilikuwa ndogo. Wote wawili wanaongea bila kujua sababu. Makala hii ni ya kusaidia makanisa yetu kuijua sababu hiyo, kwa kuwa maisha ya mama katika mimba itakayofuata yanaweza kuitegemea.

Sezariene ni nini

Ni kumtoa mtoto kwa kupasua tumbo na mfuko wa uzazi. Wengi hufikiri ni jambo lililoletwa na wazungu. Lakini mwaka 1879, huko Kahura katika ufalme wa Bunyoro, Uganda ya leo, mmisionari Mwingereza Robert Felkin aliona mganga wa kienyeji akimpasua mama aliyeshindwa kuzaa. Mganga alimnywesha mama pombe ya ndizi, akaosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe hiyo, akazuia damu kwa chuma cha moto, akafunga kidonda kwa pini za chuma. Mama na mtoto wote wawili walipona. Felkin aliandika habari hiyo mwaka 1884. Babu zetu walijua kwamba kuna saa ambapo bila kupasua, watu wawili wanakufa.

Sababu zisizo na mabishano

Kuna hali ambazo mtu hapaswi kusitasita: kondo la nyuma limeziba mlango wa kizazi, kamba ya kitovu imetangulia kutoka, mtoto amelala kwa upana na hageuki, mfuko wa uzazi umepasuka au uko karibu kupasuka, mama ana uchungu wa nguvu lakini mtoto amekwama kabisa, mapigo ya moyo wa mtoto yameshuka na hayarudi. Hapo kila dakika ina thamani.

Anayechelewa katika hali hizi anaweza kufa, au kumpoteza mtoto, au kubaki na fistula, yaani tundu linalofanya mkojo au choo kutoka bila kuzuilika. Hospitali ya Panzi kule Bukavu, iliyo chini ya kanisa la CEPAC na iliyoanzishwa na Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999, imewatibu wanawake wengi wenye fistula. Baadhi yao waliumizwa na jeuri ya vita. Wengine waliumizwa na uchungu wa siku nyingi bila msaada.

Sababu zinazohitaji kuulizwa

Sababu nyingine ni za kweli kwa mama mmoja na si za kweli kwa mwingine.

"Nyonga ni ndogo." Ufupi wa mama peke yake hautoshi kusema hivyo. Mara nyingi jibu huonekana wakati wa uchungu wenyewe, mtoto anaposhuka au anaposhindwa kushuka.

"Uchungu unakawia." Zamani wauguzi walifundishwa kwamba mlango wa kizazi hufunguka sentimita moja kila saa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema kipimo hicho hakifai kwa wanawake wote, na kwamba uchungu wenyewe hasa huhesabiwa kuanzia sentimita 5. Mama na mtoto wakiwa salama, kukawia peke yake si sababu ya kisu.

"Kamba imezunguka shingo." Hali hii huonekana kwa watoto wengi sana, na walio wengi huzaliwa salama kwa njia ya kawaida. Kinachoangaliwa ni mapigo ya moyo wa mtoto.

"Ulipasuliwa mara ya kwanza." Wanawake wengi waliopasuliwa mara moja wanaweza kuzaa kwa kawaida baadaye, lakini si nyumbani. Kovu linaweza kufunguka. Hutokea kwa wachache, ila linapotokea, chumba cha upasuaji kinatakiwa kiwe karibu.

"Una virusi vya ukimwi." Mama anayemeza dawa vizuri, na virusi vimeshuka sana katika damu yake, anaweza kuzaa kwa kawaida.

Hesabu zinasema nini

Mwaka 1985, katika mkutano wa Fortaleza, Brazili, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walisema hakuna nchi yenye sababu ya kupita sezariene 10 hadi 15 kwa kila uzazi 100. Mwaka 2015 shirika hilo lilieleza vizuri zaidi: kwa nchi nzima, kupita 10 kwa 100 hakupunguzi tena vifo vya mama na mtoto, lakini jambo kubwa si kufikia namba fulani, ni kila mama anayehitaji apate.

Katika Kongo yetu, uchunguzi wa kitaifa wa 2013–2014 ulikuta karibu 5 kwa 100, na vijijini chini kuliko mijini. Maana yake, wakati tunalalamika kwamba mjini wanapasua ovyo, kuna mama kijijini anakufa kwa kukosa kupasuliwa. Makosa yote mawili yako kati yetu.

Na kupasuliwa si jambo jepesi. Utafiti wa nchi 22 za Afrika uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba kati ya akina mama 1,000 waliopasuliwa, wapata 5 walikufa, mara 50 kuliko katika nchi tajiri. Wengi wao walipasuliwa kwa dharura.

Habari ya pesa

Tuseme wazi. Hospitali zetu nyingi zinaishi kwa pesa ya wagonjwa, na sezariene inalipwa mara nyingi zaidi kuliko uzazi wa kawaida. Hilo halithibitishi kwamba daktari fulani amedanganya, lakini linatosha kueleza kwa nini watu wana mashaka. Utafiti uliofanywa Lubumbashi mwaka 2016 ulionyesha akina mama na vichanga wakizuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni la uzazi. Serikali ilianzisha uzazi wa bure Kinshasa mwaka 2023, na mpango huo ukapelekwa katika majimbo mengine. Kabla ya kujifungua, ulizeni hospitali yenu kama unafanya kazi kwao.

Maswali ya kuuliza

Yaulizwe kwa heshima, na kama inawezekana wakati wa CPN, kabla uchungu haujaanza:

1. Ni hatari gani mnaiona, kwa mama au kwa mtoto?
2. Mmeionaje: kwa kupima, kwa mapigo ya moyo, kwa ekografi?
3. Tukingoja saa moja au mbili, nini kinaweza kutokea?
4. Kuna njia nyingine ya kujaribu kwanza?
5. Sababu hii itarudi katika mimba nyingine, au ni ya safari hii tu?

Daktari akisema hakuna muda, msibishane mlangoni. Kubalini, na maswali yaje baadaye. Lakini kabla ya kutoka hospitalini ombeni sababu iandikwe kwenye fishi, pamoja na namna mfuko wa uzazi ulivyopasuliwa. Mama aliyepasuliwa kwa sababu kamba ilitangulia hana hali sawa na aliyepasuliwa kwa nyonga nyembamba. Bila karatasi, muuguzi wa mimba inayofuata atakisia tu. Karatasi hiyo itunzwe kama cheti cha ubatizo.

Kazi ya kanisa

Katika maombi ya wajawazito tunasikia mara nyingi wanawake wa Kiebrania wa Kutoka 1, waliozaa upesi. Ni vema kuomba hivyo. Lakini sura hiyo inawaheshimu pia Shifra na Pua, wakunga waliomcha Mungu wakaokoa uhai. Na Raheli, mke aliyependwa na Yakobo, alikufa njiani akimzaa Benyamini. Hakuna mahali Biblia inapomlaumu kwa imani ndogo. Basi nasi tusimwaibishe mama mwenye kovu.

Akina mama wa kanisa wanaweza kuweka sanduku la usafiri na hospitali, pesa ikusanywe kabla ya mvua kuharibu barabara. Aliyepasuliwa zamani asaidiwe kukaa karibu na hospitali majuma ya mwisho. Mume na wakwe wakubaliane mapema, ili saa ya hatari isipotee katika kutafuta nani wa kutia sahihi. Na mchungaji anayeitwa usiku aombe akiwa ndani ya gari, wakati mama anapelekwa hospitali.