Shavu la Morgan: namna macho yalivyogeuzwa namba

Anayeikagua dola ya Morgan huanzia shavuni. Kichwa cha mwanamke anayewakilisha Uhuru kimeujaza upande mzima wa sarafu, na shavu lake ni uwanja mtupu, usio na nywele wala herufi za kuficha kitu. Mkwaruzo ukiangukia kwenye manyoya ya tai upande wa pili, huenda usionekane kabisa. Huohuo ukikaa shavuni, bei inaporomoka.

Sarafu hiyo ilichorwa na George T. Morgan, fundi Mwingereza aliyeajiriwa katika kiwanda cha sarafu cha Philadelphia. Ilipigwa kuanzia 1878 hadi 1904, kisha tena 1921. Uzito wake ni gramu 26.73, na asilimia 90 yake ni madini ya fedha. Haikuzaliwa kwa sababu wananchi waliililia. Sheria ya 1878 iliibana serikali ya Marekani inunue fedha ya dola milioni 2 hadi 4 kila mwezi na kuipiga sarafu, jambo lililowafurahisha sana wenye migodi ya Nevada na majirani zake. Watu wengi wa mashariki walipendelea noti. Nani abebe vipande vizito vya namna hiyo mfukoni? Basi sarafu zikafungwa kwenye mifuko, 1,000 kwa kila mfuko, zikarundikwa katika maghala ya Hazina.

Hapo ndipo ulipoanzia utata wote wa kuzipima. Kila mfuko ulikuwa na uzito wa karibu kilo 27, na kila ulipotupwa sakafuni au kuhamishwa, sarafu ziliumana humo ndani. Kwa hiyo dola ambayo haijawahi kununua hata mkate inaweza kuwa na makovu uso mzima. Ni mpya, na imeumia.

Mwaka 1918 sheria nyingine iliamuru dola za fedha ziyeyushwe, na zaidi ya milioni 270 zikaingia tanuruni. Sehemu kubwa ya fedha hiyo iliuzwa kwa Waingereza kwa ajili ya India, iliyokuwa na uhaba mkubwa wa fedha ya kupigia rupia, rupia zilezile zilizokuwa zikitumika Mombasa na Zanzibar wakati huo. Hakuna aliyeandika ni za miaka gani au za kiwanda kipi zilizoyeyushwa. Wakusanyaji wakabaki kubahatisha. Dola ya 1903 ya New Orleans, yenye alama ndogo ya O, ilihesabiwa kuwa miongoni mwa zilizo adimu kuliko zote, na ikiwa mpya ilitajwa kwa bei ya zaidi ya dola 1,000. Mwishoni mwa 1962 ghala moja la Philadelphia likafunguliwa, ikatoka mifuko kwa mifuko ya sarafu hiyohiyo. Bei ikaanguka papo hapo. Watu wakapanga foleni Washington kubadilisha noti zao kwa dola za fedha, hadi Hazina ilipofunga dirisha Machi 1964. Zilizobaki, karibu milioni 3 na nyingi zikiwa za kiwanda cha Carson City, ziliuzwa na serikali kwa njia ya posta kati ya 1972 na 1980.

Sasa soko lilikuwa limejaa sarafu ambazo zote zilikuwa “mpya”. Neno hilo peke yake halikutosha tena. Wafanyabiashara walikuwa na maneno yao: mpya, mpya safi, johari. Tatizo ni kwamba sarafu iliitwa “nzuri kiasi” muuzaji alipokuwa akiinunua, na ikawa “johari” alipokuwa akiiuza.

Namba zilizokuja kuokoa hali hiyo zilikuwa zimetungwa mapema zaidi, na kwa kazi nyingine. William Sheldon, mwanasaikolojia aliyejulikana kwa kugawa maumbo ya miili ya binadamu katika makundi, alitoa kitabu mwaka 1949 kuhusu senti kubwa za shaba za zamani. Humo aliweka kipimo cha 1 hadi 70. Mantiki yake ilikuwa ya bei: senti ya daraja la 70 iwe na thamani mara sabini ya ile iliyochakaa kabisa. Baada ya miaka michache soko likazivuruga hesabu hizo, ila namba zikabaki. Na mtu mwenyewe? Baada ya kifo chake mwaka 1977 iligundulika kwamba alikuwa amechukua senti bora kutoka hazina ya American Numismatic Society, New York, na kuacha zake hafifu mahali pake. Jicho la kutambua sarafu nzuri alikuwa nalo, hilo haliwezi kukanushwa.

Mwaka huohuo wa 1977, chama cha wakusanyaji, American Numismatic Association, kilichapisha viwango vyake kwa kutumia kipimo cha Sheldon kwa sarafu zote za Marekani. Zisizotumika zilipewa 60, 65 au 70. Kati ya hapo kulikuwa na mapengo yaliyojazwa taratibu, hadi leo kila namba kuanzia 60 hadi 70 ina mahali pake.

Mpimaji huishika sarafu kwa ukingo, chini ya taa moja, na kuigeuza polepole. Sarafu inapopigwa, madini hutiririka kidogo chini ya shinikizo na kuacha mistari midogo mno. Mistari hiyo ndiyo inayoufanya mwanga uzunguke usoni. Ndiyo maana kuisafisha sarafu ni kuiua: ukiichovya kwenye dawa ya asidi weusi hutoka, lakini kila mchovyo hula sehemu ya mistari hiyo. Kisha hutazamwa nywele za juu ya sikio na kifua cha tai. Sarafu nyingi za New Orleans ni bapa sehemu hizo kwa kuwa zilipigwa kwa nguvu ndogo, wakati za San Francisco za 1879 hadi 1882 zinasifika kwa ukali wa chapa. Asiye mzoefu hudhani ubapa huo ni kuchakaa. Palipochakaa rangi hubadilika na mwanga hukatika. Palipopigwa hafifu mwanga bado unapita.

Tofauti hiyo ndogo ina pesa nyingi. Dola ya 1884 ya San Francisco si adimu ikiwa imetumika, na hununuliwa kwa makumi ya dola tu. Ikiwa mpya na ya daraja la juu, huuzwa kwa mamia ya maelfu.

Kampuni ya kupima sarafu ya PCGS ilipoanza kazi mwaka 1986, wapimaji wake waliitazama kila sarafu mmoja mmoja, kisha ikafungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba. Mwaka uliofuata ikaja nyingine ya aina hiyo, NGC. Watu wakaanza kununua sarafu bila kuziona, na fedha za wawekezaji wa Wall Street zikamiminika, hadi bei zilipoporomoka kuanzia 1989. Mwaka 1990 tume ya biashara ya serikali iliishutumu PCGS kwa kutia chumvi katika matangazo yake kuhusu uhakika wa upimaji huo. Jambo likamalizwa kwa maafikiano. Mwaka huohuo kampuni hiyo ilitangaza kompyuta ya kupima dola za Morgan. Haikudumu.

Mchezo uliodumu ni wa kuvunja kasha. Sarafu iliyopewa 64 hutolewa, hurudishwa kupimwa upya, na ikibahatika kupata 65 gharama zote zimelipwa. Tangu 2007 kampuni ya CAC, iliyoanzishwa na John Albanese ambaye pia ndiye mwanzilishi wa NGC, huzikagua sarafu zikiwa ndani ya makasha na kubandika kibandiko cha kijani kwenye zile inazoona zimestahili namba zake. Mnunuzi sasa analipia wapimaji wa sarafu, na juu yao wapimaji wa wapimaji.