Shimo la Pili

Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kupima udongo wa barabara. Ukitaka kujua kama ardhi itabeba malori, huiamini kwa macho. Unasimamisha chuma chenye ncha, unaachia nyundo ya kilo 8 ikipige, kisha unasoma ncha imezama milimita ngapi kwa kila pigo. Mtu wa vumbi kama mimi ana habari gani na theluji, ndugu msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza.

Mwezi Februari 2010, nikiwa nimekwisha kustaafu, nilialikwa Davos, mji wa milimani mashariki mwa Uswisi, na rafiki niliyefanya naye kazi ya barabara nchini Tanzania katika miaka ya 1980. Kiswahili chake cha kambini, kile cha "lete chepe" na "chai iko wapi", hakikuwa kimemtoka. Ukutani kwake nilikuta kimetundikwa chuma chenye ncha, kimechorwa sentimita, na kinyundo kinachoteleza juu yake. Nikasema, "Hiki si chetu hiki?" Akacheka. "Ni ndugu yake. Hiki ni cha theluji."

Ndipo nilipoanza kuifuatilia habari hii, na mpaka leo haijaniachia.

Theluji ya milimani hujengeka kwa matabaka, mithili ya chapati zilizopangwa juu ya sahani. Kila dhoruba huweka chapati yake, na jua, upepo na baridi huigeuza kila moja kwa namna yake. Usiku mkavu wenye nyota hufanya chembe za barafu zisizoshikana, kama sukari. Dhoruba ifuatayo ikimwaga bamba zito juu ya sukari hiyo, mlima umetega mtego. Mtu mmoja akikanyaga mahali pabaya, sukari huvunjika, ufa hukimbia chini ya bamba, na mteremko mzima huteremka pamoja naye. Mara nyingi hutokea kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, ile ile ambayo watelezaji wa skii huipenda. Na katika wanaouawa wakiwa matembezini huko, wengi mno mtego umefyatuliwa na wao wenyewe au na wenzao.

Wenyeji wa milima ya Alps walijikinga kwa karne nyingi kwa kumbukumbu za wazee tu: hapa hushuka, pale hapashuki. Huko Andermatt watu walipiga marufuku kukata msitu ulio juu ya mji wao mwaka 1397, kwa kuwa miti ndiyo iliyowazuilia theluji. Lakini kumbukumbu haimsaidii mgeni. Vita Kuu ya Kwanza ilipeleka majeshi mahali ambapo hakuna mzee aliyewahi kulala wakati wa baridi. Tarehe 13 Desemba 1916, chini ya mlima Marmolada, theluji ilifunika kambi ya Waaustria na kuua wanajeshi zaidi ya 200 bila risasi hata moja.

Uchunguzi wa kisayansi ulishika kasi katika miaka ya 1930. Mwaka 1936 watafiti wachache walianza kazi katika kibanda cha mbao huko Weissfluhjoch, juu ya Davos, zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Miongoni mwao alikuwemo Robert Haefeli, na hapo moyo wangu uliruka, kwa maana Haefeli alikuwa mhandisi wa udongo! Alifanya kwa theluji kama sisi kwa barabara: ncha ya nyuzi 60, kipenyo milimita 40, nyundo, hesabu ya mapigo. Mwaka 1939 yeye na wenzake walitoa kitabu kilichoeleza jinsi theluji inavyogeuka umbo bila kuyeyuka. Kilikuwa kitabu kikubwa cha fani hiyo.

Hata hivyo majira ya baridi ya 1950 na 1951 yaliua watu 98 nchini Uswisi peke yake, wengi wao wakiwa ndani ya nyumba zao. Elimu ilikuwapo, na taasisi ilikuwa na jengo lake huko juu tangu 1943. Mlima haukusubiri.

Kwa anayepanda mlima kwa miguu yake, swali lilikuwa jingine kabisa. Hakutaka kujua theluji ina ugumu gani. Alitaka kujua kama itamvumilia yeye. Askari wa milimani wa Uswisi walikuwa wakikata bonge la theluji mteremkoni, upana mita 2, wakalitenga pande zote, kisha mtu mwenye skii akalikanyaga, akalirukia, mpaka liteleze au ligome. Paul Föhn wa Davos aliliwekea jaribio hilo kanuni zake mwaka 1987. Wakanada nao tangu miaka ya 1970 walikata mnara mdogo wa sentimita 30 kwa 30, wakaweka beleshi juu yake na kuligonga kwa mkono: mara 10 kwa kifundo, mara 10 kwa kiwiko, mara 10 kwa bega. Mhandisi atakunja uso akisikia kwamba kipimo ni mkono wa binadamu, lakini kilio ni kwamba mkono ndio pekee ambao mtu hausahau nyumbani.

Mabadiliko makubwa, kwa maoni yangu, yalikuja mwaka 2006, pale Ron Simenhois na Karl Birkeland walipoupanua mnara ule hadi sentimita 90 na kuugonga upande mmoja tu. Hawakuuliza tena tabaka litavunjika kwa pigo la ngapi. Waliuliza: likivunjika huku, je, ufa utavuka hadi kule? Maana tabaka dhaifu lisiloeneza ufa haliui mtu.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo sijawahi kuliandika. Mwaka 1984 nilisaini ripoti ya kipande cha barabara. Nilikuwa nimepima kila baada ya mita 500, na mashimo yote yalijibu vizuri. Kati ya shimo la sita na la saba palikuwa na bonde dogo la udongo mweusi. Niliuona. Jua lilikuwa linakuchwa, dereva ananung'unika, nami nikapanda gari. Masika iliyofuata tuta lilititia, lori likapinduka, utingo wake akafa. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Hakuna aliyenilaumu, kwa kuwa nilitakiwa kupima kila mita 500, nami nilipima kila mita 500. Rafiki yangu wa Davos alikuwapo kambini siku habari ilipofika.

Basi asubuhi moja tulipanda naye mlimani, yeye na skii zake, mimi na viatu vipana vya theluji. Chini ya mteremko mrefu alichimba shimo, akakata mnara wa sentimita 90, akagonga. Mapigo 30, hakuna kitu. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, na juu ya mteremko ule palikuwa na kibanda chenye supu.

Nikasema, "Limekubali. Twende."

Hakunitazama. "Ndugu, tuchimbe lingine."

Alikwenda hatua kama arobaini pembeni, karibu na miamba, mahali theluji ilipokuwa nyembamba. Nilimfuata nikinung'unika kama dereva wangu wa zamani. Pigo la 13, ufa ulipita kutoka mwisho hadi mwisho kwa mara moja, na bonge likateleza juu ya beleshi lake, laini kabisa. Chini yake ilikuwepo ile sukari. Nikachota kiganjani, ikamiminika kati ya vidole.

Watafiti wamechimba mashimo mengi kwenye mteremko mmoja na kupata majibu yanayogongana. Ndiyo sababu wapimaji wazoefu hulipa uzito jibu la "hapana", na jibu la "ndiyo" hulichukua kama habari ya mahali pale tu walipochimba. Tulishuka. Njia nzima sikusema neno, na yeye hakuniuliza.

Siku ya pili yake, kutoka dirishani, tuliuona mteremko ule umetulia vile vile, una mistari miwili ya skii iliyopinda vizuri kutoka juu hadi chini. Kuna watu waliopita.

"Tulikosea?" nikamwuliza.

Alitazama kwa muda. "Sijui," akasema, akaenda kuteleka kahawa.