Mbwa Kufundishwa Kutambaa

Miongoni mwa mafunzo ya utii wanayopewa mbwa wa kazi, liko moja linalomshangaza mtazamaji. Faida ya kuketi, kulala, kungoja na kwenda sambamba na bwana haihitaji maelezo marefu. Lakini mbwa kuamriwa atambae kwa tumbo, naye ameumbwa na miguu minne ya kumchukua mbio, ni jambo linalofanana na dhihaka. Mtu wa Songea ana sababu ya kuliuliza swali hili kwa uzito, maana katika nchi hii palikuwa na zama ambazo utii ulifundishwa kwa kiboko. Insha hii yataka kueleza funzo hilo lilitoka wapi, na lina makusudi gani.

Kwanza tuseme kwamba halikutoka kwa msasi wa mkuki. Katika usasi wa namna hiyo kazi ya mbwa ni kunusa, kufukuza na kumzuia mnyama mpaka watu wafike. Wako mbwa wa Ulaya wachungao kondoo ambao hunyemelea kwa kuinama, lakini hao huongozwa zaidi na asili ya uzao wao kuliko amri ya mtu. Wahenga walisema kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, na methali hiyo ina hekima pana: mbwa hufuata mwendo wa bwana wake. Basi anayetaka kujua kwa nini mbwa alifundishwa kutambaa, na aulize kwanza kwa nini bwana wake alilazimika kutambaa.

Jibu limo katika historia ya silaha, na sehemu yake moja ilitendeka karibu nasi. Wangoni, waliovuka mto Zambezi mwaka wa 1835 na baadaye kuitamalaki nchi ya Songea, walirithi kutoka kusini vita vya ngao na mkuki mfupi, ambavyo mtu hupigana wima, bega kwa bega na mwenzake. Katika Vita vya Maji Maji, tarehe 30 Agosti 1905, maelfu ya watu waliliendea boma la Wajerumani huko Mahenge, kaskazini yetu. Ndani ya boma mlikuwa na bombomu mbili, yaani bunduki za rashasha. Watu walikwenda wima. Wengine walifika hatua chache tu mbele ya midomo ya bunduki, wakaanguka. Ushujaa wao haukupungukiwa na kitu. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliyesimama mbele ya silaha ile hakuwa na pa kujificha. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wengi wa Kingoni hapa Songea. Baada ya miaka minane, Wazungu wenyewe walielekezeana silaha hizo katika mashamba ya Ufaransa na Ubelgiji, nao wakajifunza kulala kifudifudi na kutambaa matopeni.

Yafaa tukumbuke kwamba mwaka ule ule wa 1906, katika mji wa Saarbrücken nchini Ujerumani, ofisa wa polisi aitwaye Konrad Most alianza kufundisha mbwa wa serikali. Mwaka 1910 alitoa kitabu juu ya kazi hiyo. Alishika kwamba mbwa hajui wema na ubaya kama binadamu. Hujifunza kwa raha au maumivu yafuatayo tendo lake papo hapo. Hata hivyo hakusita kutumia nguvu. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipokuja, mbwa walitumiwa kuchukua barua na kutafuta majeruhi, na mwaka 1917 Uingereza ilifungua shule ya mbwa wa vita huko Shoeburyness chini ya E. H. Richardson. Jeshi la Marekani, lililoanza kukusanya mbwa mwaka 1942, lilikutia kutambaa katika mafunzo yao. Sababu ni dhahiri: askari akitambaa majanini na mbwa wake amesimama, mbwa huwa bendera ya kumwonyesha adui mahali pa kulenga.

Njia ya kulifundisha ni ya taratibu. Mbwa hulazwa kwanza, kwa kuwa asiyejua kulala hawezi kutambaa. Mwalimu hupiga magoti kando yake, huweka mkono mmoja juu ya mabega bila kukandamiza, na kwa mkono wa pili huburuta kipande cha nyama chini, mbele ya pua. Hatua moja ya kwanza hupewa tuzo. Kisha mbili, kisha nne. Mbwa akiinuka, hulazwa tena bila hasira.

Siku hizi funzo hili lina kazi za amani pia. Mbwa wa kuokoa watu hupaswa kupenya chini ya kuta zilizoanguka. Mbwa wa kunusa pembe za ndovu, ambao shirika la African Wildlife Foundation lilianza mpango wao mwaka 2014, huenda wakahitaji kujipenyeza mahali pembamba kati ya mizigo. Na hata mbwa wa nyumbani hupata nguvu ya viungo na utulivu wa moyo.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo kubwa. Mbwa mwenye hofu hutambaa bila kufundishwa: hubana mkia, hulaza masikio, hujivuta miguuni pa bwana wake. Mtu mjinga akiona hayo hudhani ameona utii. Lakini mbwa huyo anakimbia kwa tumbo. Siku ya mshindo wa bunduki au ya kuta zinazotikisika atageuka nyuma, maana hofu mpya imezidi ile ya zamani. Mbwa aliyefundishwa vizuri hutambaa akielekea mahali asipopajua, macho yake mbele, kwa sababu amemwamini anayemtuma. Kwa macho ya mpita njia matendo haya mawili yanafanana. Wenyeji wa Songea, ambao babu zao waliionja hamsa ishirini ya Wajerumani, hawawezi kudanganyika upesi hivyo. Kiboko chaweza kumlaza kiumbe chini. Kumpeleka mbele hakiwezi.