Mzio mkali kwa watoto: adrenalini ndiyo dawa ya kwanza

Mzio mkali ni hali ya dharura inayoweza kuziba njia ya hewa au kushusha shinikizo la damu la mtoto ndani ya dakika chache. Kwa watoto, chanzo kikubwa ni vyakula, hasa karanga, maziwa ya ng'ombe, mayai na samaki. Kuumwa na nyuki na dawa kama penisilini pia husababisha hali hiyo.

Si kila mtoto huanza kwa vipele. Mwingine hukaukiwa sauti, hupumua kwa mlio au hutapika mfululizo. Mtoto mchanga, asiyeweza kujieleza, huenda akalegea tu ghafla.

Dawa inayookoa maisha ni adrenalini, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Huchomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, kwa kipimo cha miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, bila kuzidi miligramu 0.5. Kwa chupa yenye miligramu 1 katika mililita 1, mtoto wa kilo 15 hupewa mililita 0.15. Asipopata nafuu baada ya dakika 5, sindano hurudiwa. Oksijeni na dripu hufuata kadiri hali inavyohitaji.

Kosa linalogharimu maisha ni kuanza na dawa za kupunguza mwasho au haidrokotisoni, kisha kusubiri. Dawa hizo hazifungui koo lililovimba wala hazipandishi shinikizo la damu. Hofu ya adrenalini nayo haina msingi ikiwa inachomwa kwenye msuli kwa kipimo sahihi. Hatari ipo zaidi inapopitishwa kwenye mshipa wa damu na asiye na utaalamu huo.

Mtoto alazwe chali, miguu ikiwa imeinuliwa. Anayepumua kwa shida aruhusiwe kukaa, ila asisimamishwe ghafla wala kutembezwa, hata akionekana kupata nafuu, kwani shinikizo la damu linaweza kuporomoka.

Dalili zinaweza kurejea saa kadhaa baadaye. Kwa sababu hiyo mtoto hubaki chini ya uangalizi, mara nyingi kwa saa 6 hadi 12. Mzazi au mlezi anashauriwa kufika kituoni na pakiti ya chakula au dawa inayoshukiwa, na kuhakikisha jina lake limeandikwa kwenye kadi ya mtoto kabla ya kuondoka.