Hati za Hodi katika Zama za Modemu

Waya wa simu ulitandazwa kwa ajili ya sauti ya binadamu, wala haukukusudiwa kuchukua hesabu za mashine. Kompyuta ilipotaka kusema na kompyuta nyingine iliyo mbali, ilihitaji mkalimani wa kugeuza tarakimu kuwa milio, na mwingine upande wa pili wa kuirudisha milio kuwa tarakimu. Mkalimani huyo ni modemu. Modemu ya Bell 103, iliyotolewa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilipitisha biti 300 kwa sekunde, yaani herufi thelathini hivi.

Katika miaka hiyo aliyepiga simu alikuwa mtu. Kompyuta ya mbali ilimwuliza jina, akalitaja. Ikamwuliza neno la siri, akalitoa. Ikiwa herufi moja iliharibiwa na kelele za waya, jicho lake lilisamehe, kwa kuwa alijua lililokusudiwa. Tabu ilianza pale mashine ilipowekwa mahali pa mtu huyo, kwa maana mashine haisamehi.

Mwaka 1976 Mike Lesk, katika maabara ya Bell, alitunga programu ya UUCP, iliyoziwezesha kompyuta za UNIX kupigiana simu zenyewe na kupelekeana barua na mafaili, aghalabu usiku wakati gharama za simu ni nafuu. Kila kompyuta ilikuwa na faili lililoitwa L.sys. Humo kila jirani alikuwa na mstari wake: jina, saa za kumpigia, mwendo wa modemu, namba ya simu, kisha maneno yaliyopangwa mawili mawili: ngoja usikie hili, ndipo useme hili. Hiyo ndiyo hati ya kuingilia, na kwa hakika haikuwa zaidi ya hodi iliyoandikwa kabla ya safari.

Aliyeifungua hati kama hiyo kwa mara ya kwanza alidhani imeandikwa na mtu asiyejua tahajia. Kompyuta ya mbali ilisema «login:», lakini hati iliambiwa ingoje «ogin:». Ilisema «Password:», hati ikangoja «ssword:». Halikuwa kosa. Baadhi ya kompyuta zilianza neno kwa herufi kubwa na nyingine kwa ndogo; tena herufi ya kwanza ndiyo iliyokuwa rahisi kupotea wakati milio ya waya haijatulia. Waandishi wa hati wakaikata herufi iliyowaponza, wakategemea zile zilizobaki. Ufundi huu mdogo ulidumu miaka zaidi ya ishirini, na hapana kitabu cha ufundi kilichoeleza tabia ya waya wa simu vizuri kuliko ile «l» isiyokuwapo.

Mitego mingine haikuponyeka kwa kukata herufi. Kompyuta ya mbali iliweza kujibu kwa mwendo usiolingana na wa mpigaji, maneno yote yakafika yamevurugika. Hati ililazimika kutuma ishara ya kukatiza ili ile ya mbali ijaribu mwendo mwingine. Tena, jina likitumwa kwa herufi kubwa tupu, UNIX za zamani zilidhani mgeni anatumia mashine isiyo na herufi ndogo, zikaanza kumjibu kwa herufi kubwa pia. Hapo hati iliyongoja «ssword:» haikulitambua «PASSWORD:» lililosimama mbele yake.

Modemu ya Hayes ya mwaka 1981 iliongeza msikilizaji wa pili. Modemu yenyewe sasa iliamrishwa kwa maneno yaliyoanza kwa AT, nayo ikajibu CONNECT simu ilipopokelewa, NO CARRIER mawasiliano yalipokatika; modemu za baadaye zikajibu pia BUSY namba ilipokuwa na shughuli. Hati isiyofundishwa neno BUSY iliendelea kungoja mwaliko kwenye simu isiyopokelewa. Programu ya chat, iliyofuatana na pppd katika Linux, iliacha kungoja baada ya sekunde 45 isipoagizwa vingine. Ndiyo maana waandishi hodari waliyatanguliza maneno ya kuvunja safari kabla ya maneno ya safari yenyewe.

Dawa iliyosaidia kuliko zote ilikuwa kurudi kwa binadamu. Mtu aliiweka hati kando, akapiga simu, akaingia kwa mkono, akayanakili maneno ya kompyuta ya mbali herufi kwa herufi. Windows 95 ilikuwa na dirisha maalumu la kazi hiyo. Njia nyingine ilikuwa kuiamuru programu iandike kila ilichosikia na kusema. Lakini yeye aliyefanya hivyo bila hadhari aliliandika neno la siri pia, mahali ambapo wengine waliweza kulisoma.

Hapa jambo liliacha kuwa la ufundi tu. Hati ilikuwa ufunguo ulioachwa juu ya meza: neno la siri lilikaa ndani yake wazi, na anayelisoma faili ameingia nyumbani. Hatari kubwa zaidi ilitokea modemu ya mwenyeji iliposhindwa kutambua kwamba simu imekatika. Mpigaji wa pili alikuta mlango wa wa kwanza uko wazi, akatenda kwa jina la mwenziwe bila kuulizwa lolote.

Itifaki ya SLIP, iliyoelezwa na John Romkey mwaka 1988, haikuwa na njia yake ya kumtambua mgeni, kwa hiyo ilizidi kuzitegemea hati. PPP ilileta njia mbili, zilizoandikwa rasmi mwaka 1992: PAP, iliyopeleka neno la siri kama lilivyo, na CHAP, iliyompa mgeni fumbo alijibu kwa siri yake bila siri hiyo kupita katika waya. Ndipo ukazuka ugonjwa mpya. Watu waliozoea hati waliendelea kungoja «ogin:», na kiooni zikajaa alama kama ~ na }. Wengi walizidhani kelele za waya. Kumbe mwenyeji alikwisha kuanza mazungumzo ya PPP, na mgeni amesimama mlangoni akingoja swali ambalo halitaulizwa.

Mapema katika miaka ya 1990, taasisi kadha za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zilipokea barua zao kwa simu za namna hii, kabla ya intaneti kamili kufika. Kwao simu ya ng'ambo ilihesabiwa kwa dakika, na hati mbovu ililipiwa sawa na hati nzima.

Hati hazikufa pamoja na waya. Modemu ndogo za USB zilizoenea Afrika Mashariki baada ya mwaka 2005 zilitumia mawasiliano ya simu za mkononi, lakini programu zake bado ziliamrisha kwa AT na kungoja CONNECT. Namba zilizopiga ilikuwa *99#.