Giheta na vyuo vikuu vya jirani

Giheta, pembezoni mwa mji wa Gitega, katikati ya Burundi, inajulikana zaidi kwa ngoma za Gishora kuliko kwa maabara. Hata hivyo, elimu ya juu iko karibu: Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanza Bujumbura mwaka 1964, kina kampasi ya Zege mjini Gitega, iliyokuwa makao ya Taasisi ya Juu ya Kilimo. Katika nchi ya wakulima, kuchagua kilimo kuna mantiki. Chuo Kikuu cha Ngozi kilifuata mwaka 1999.

Tofauti kubwa na nchi jirani ni fedha.

Mwaka 2016 Benki ya Dunia ilianza kugharamia vituo 24 vya umahiri wa utafiti katika nchi 8 za Mashariki na Kusini mwa Afrika, lakini Burundi haikuwemo. Tanzania ilikuwemo, kisha mwaka 2021 ikapata dola milioni 425 za mradi wa elimu ya juu wa HEET, uliogharamia pia ujenzi wa kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mkoani Kagera. Mkoa huo unapakana na Muyinga, Burundi, na malori huvuka kila siku kati ya vituo vya mpakani vya Kobero na Kabanga.